Visu Viwili

Bwana Lutengano aliileta juu ya mkokoteni,
mashine ya kukalia, ya kukatia majani ya uwanja wa shule kule Upanga,
kiti kimechanika, sifongo nje.
"Visu vibovu," akasema. "Hii seti ya tatu tangu Pasaka."
Sikumbishia. Hapa Gerezani kila mgonjwa
huja na jina la ugonjwa wake mkononi;
tunalipokea, tunaliweka kando.

Kwanza nikang'oa waya wa plagi.
Hilo halina mjadala: nina vidole tisa na robo tatu,
na ile robo iliyokosekana ilinifunza kuliko chuo.
Pazi akashika upande wa pili, tukalibinua deki
kama watu wanaogeuza godoro.
Majani yaliyogandamana, mchanga, soli ya kiatu cha mtoto,
na visu viwili
vilivyong'atana ncha.

Tazama, Pazi. Vimewekwa karibu kwa makusudi.
Vikiachana, katikati hubaki mstari wa majani marefu
kama nywele zilizomponyoka kinyozi.
Basi kila kimoja huingia kwa mwenzake
na kutoka kabla mwenyewe hajarudi.
Kimoja kikilala, kingine kisimame.
Mkanda wa meno ndio unaoshika ahadi hiyo.
Ukiruka jino moja, utasikia tiki.
Ukiruka matatu, mtaa mzima utasikia.

Mimi na dada yangu Sikitu tulikuwa na kitanda kimoja, Tandale,
futi tatu na nusu.
Yeye zamu ya usiku, kiwanda cha nguo, Mabibo;
mimi mchana, kwenye grisi.
Alfajiri tulipishana mlangoni,
yeye na macho mekundu, mimi na mswaki.
"Shuka bado lina joto," nilimwambia.
Miaka miwili, hata neno.
Kisha kiwanda kikampa zamu ya mchana.

Mkanda ulikuwa na meno yote. Niliyahesabu mara mbili.
Beringi, nikaitikisa: kimya.
Puli imekaa, haichezi.
Nikavipanga visu, kipande cha mninga katikati visisogee,
alama ya chaki hapa, alama pale, mkanda juu,
nikazungusha kwa mkono, taratibu, mara kumi.
Vikapishana kama wenye adabu kwenye ukumbi mwembamba.
Mara ya kumi na moja nikazungusha kwa hasira.
Ukaruka.

Ndipo Pazi, aliyekuwa kimya tangu asubuhi,
akaigusa springi inayokaza mkanda.
"Fundi, hii si ya stendi ya baiskeli?"
Ilikuwa ya baiskeli. Rangi ya kijani bado imo kwenye mikunjo.
Kuna mtu aliifunga pale, akajifuta mikono, akasema itatosha.
Na ilitosha,
kwa majani mafupi.

Springi ya haki tuliipata duka la tatu,
bei yake haifiki hata nusu ya kisu kimoja.
Bwana Lutengano aliitazama kiganjani mwangu
kwa muda, kama chenji pungufu.
"Seti tatu," akasema. Hakumwambia mtu.

Sisi hatukutafuta springi.
Mimi niliulaumu ulimi wake, yeye akaulaumu wangu,
akanoa, nikanoa,
mwisho nikabeba begi langu nikahamia Mbagala.
Mwaka wa nne huu.

Nikarudisha waya wa plagi. Mashine ikawaka,
deki likashuka, visu vikaingia kazini
kwa mlio mmoja, mrefu, usio na kokoto ndani yake.
Pazi akacheka peke yake.
Mimi nikauliza saa.
Saa kumi, akasema.
Saa kumi. Kama wamemrudisha usiku, ndiyo anaamka.

Nikapangusa mkono kwenye ovaroli, haukutakata,
nikaitoa simu,
na kioo kikabaki na alama ya grisi
ya kidole kile kifupi, juu ya jina lake.